Gari Linachemsha: Maswali ya Wasomaji

Barua nyingi zilizotufikia safari hii ni za gari la aina moja: la miaka ya 1990, lina kilomita za kutosha, na linachemsha. Tumejibu sita. Ombi letu kwa watakaoandika baadaye: msituambie tu kwamba gari linachemsha. Tuambieni linachemsha likiwa wapi na likifanya nini, maana nusu ya jibu imo humo.

Nina Corolla AE110 yenye injini ya 5A-FE. Kwenye foleni ya Mbagala mshale wa joto unapanda hadi karibu na nyekundu, nikipata njia wazi unashuka wenyewe. Fundi anasema rejeta imeziba, ninunue nyingine. Nimfuate? (Msomaji, Dar es Salaam)

Usinunue bado, ndugu. Gari likiwa kwenye mwendo, upepo wa barabarani unapita kwenye rejeta bila msaada wowote. Likisimama, kazi yote ni ya feni. Joto linalopanda kwenye foleni na kushuka njia ikifunguka linaishtaki feni. Rejeta iliyoziba hufanya kinyume: foleni inaivumilia, halafu kwenye mwendo mkali au mlimani, injini inapotoa joto jingi, ndipo inashindwa.

Anza hivi. Injini ikiwa ya baridi, fungua ufunguo bila kupiga stata, na kiyoyozi kiwe kimezimwa. Tafuta swichi ya feni: ni kidude cha shaba kilichofungwa penye njia ya maji, karibu na kasha la themostati (mlango unaofunguka kwa joto kuruhusu maji yaende kwenye rejeta) au sehemu ya chini ya rejeta kutegemea toleo, na kina soketi ndogo ya waya. Chomoa soketi hiyo. Katika Toyota nyingi za rika la gari lako, feni inatakiwa ianze kuzunguka papo hapo. Wengi hushangaa, kwa sababu wanatarajia kinyume chake. Swichi hiyo hupitisha umeme ikiwa ya baridi na kuukata joto likifika nyuzi 93 hivi, na relei, swichi nyingine inayoongozwa na umeme huo, huwasha feni pale unapokatika. Faida yake utaiona siku waya wa swichi ukikatika safarini: feni itazunguka muda wote badala ya kulala.

Ikizunguka, basi mota, relei na fyuzi ni vizima, na mshukiwa ni swichi. Ifungue, ning'iniza ncha yake kwenye sufuria ya maji jikoni, unganisha mita ya umeme, pasha moto. Chini ya nyuzi 83 ipitishe umeme. Juu ya 93 ikate. Isiyokata ni ya kutupa.

Isipozunguka, angalia fyuzi yake kwanza, kisha mota: chomoa soketi ya mota na uipe umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Mota inayogoma mpaka uisukume pangaboi kwa kijiti imekwisha brashi; leo inaanza, kesho inakuacha katikati ya foleni. Mota ikiwa nzima, imebaki relei au waya. Hapa mafundi wengi hujikwaa: wanachukua relei ya honi na kuijaribia kwenye feni. Relei ya feni hii huunganisha njia ya umeme ikiwa yenyewe haijapewa umeme, ya honi huunganisha ikipewa. Zinafanana umbo, lakini kazi ni tofauti kabisa, na mtu hutoka hapo akiamini kwamba waya wote umeoza.

Kuna jambo la mwisho ambalo halihitaji spana. Feni ikizunguka, shika karatasi moja ya daftari mbele ya rejeta, upande wa grili. Inapaswa kuvutwa na kunata kwenye rejeta. Ikisukumwa nje, mota iliyofungwa mara ya mwisho ina waya zilizogeuzwa, na feni inapambana na upepo badala ya kuuvuta. Ikitikisika tu bila kunata, tazama kama lile kava la plastiki linaloizunguka feni bado lipo. Kwenye magari mengi ya mtumba lilivunjika zamani na halikurudishwa. Bila kava, feni huvuta hewa ya pembeni yake na kuacha sehemu kubwa ya rejeta bila upepo.

Ukiambiwa ufungiwe feni moja kwa moja kwenye ufunguo iwe inazunguka muda wote, kubali kama dawa ya kukufikisha nyumbani tu. Mota itachakaa mapema, na siku ikifa hutajua mpaka mshale ukuambie.

Fundi alitoa themostati kwenye gari langu akisema nchi ya joto haiihitaji. Mjini mshale sasa hauinuki kabisa, lakini nikipanda Kitonga kwenda Iringa linachemsha kuliko mwanzo. Inawezekanaje? (Msomaji, Morogoro)

Inawezekana sana, na vitabu vya ufundi vya Toyota wenyewe vinakataza: usitoe themostati hata kama injini ina tabia ya kuchemsha, kwa sababu upoozaji unapungua.

Sababu ni hii. Themostati ya Toyota nyingi ina milango miwili. Mlango mkubwa hufungua njia ya rejeta maji yakifika nyuzi 82 hivi. Kwenye mkia wake kuna kisahani kidogo kinachosogea wakati huohuo na kuziba njia ya mkato, ile inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, na maji, kama watu, hupenda njia fupi. Mjini injini haitoi joto kubwa, kwa hiyo huoni tatizo. Unachoona ni mshale uliolala, na huo nao ni hasara, maana injini iliyo baridi muda wote huongezewa petroli na kompyuta yake, na oili huchafuka haraka. Kitonga ndipo ukweli unapojitokeza: gia ndogo, mzigo, upepo kidogo, na sehemu ya maji ya moto inarudi ilikotoka bila kupoozwa.

Nunua themostati yenye namba 82 iliyogongwa kwenye bati lake, na kabla ya kuifunga ichemshe. Iweke kwenye sufuria pamoja na kipimajoto, isiguse chini. Ianze kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na ikifika 95 mlango uwe umeinuka angalau milimita 8. Hata mpya ipime. Tumeona mpya zisizofunguka kabisa. Wakati wa kuifunga, kile kipini kidogo kinachochezacheza kwenye ukingo wake kiwe juu. Kazi yake ni kuruhusu hewa ipite. Kikiwa chini, hewa inanaswa nyuma ya themostati na gari litachemsha siku hiyohiyo, kisha lawama itaiendea themostati.

Kutoa hewa kusikupite. Gari lielekee juu kidogo puani, mfuniko wa rejeta uwe wazi tangu injini ikiwa ya baridi, hita ifunguliwe hadi mwisho wa moto. Jaza polepole, washa injini, minyaminya hozi ya juu kwa mkono na uendelee kuongeza kadiri mapovu yanavyotoka. Hozi ya chini ikipata joto ghafla, themostati imefunguka. Malizia kujaza, funga mfuniko.

Kwa kuwa unapanda milima, chunguza mfuniko huo nao. Maji matupu Dar es Salaam huchemka kwenye nyuzi 100. Iringa mjini, yapata mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye 95 hivi. Mfuniko wenye alama ya 0.9 hushikilia mgandamizo na kuyasogeza mpaka karibu 118 pwani na 115 Iringa. Raba yake ikikauka na kupasuka unapoteza nyuzi 20 hivi kwa kitu ambacho ni cha bei ndogo kuliko chochote kingine kwenye mfumo huu. Dalili zake ni mbili: chupa ya akiba inafurika na maji hayarudi rejeta ikipoa, au hozi ya juu inajiminya na kunywea gari likiwa limelala usiku. Ukinunua mwingine soma namba. Usichukue wa 1.3 kwa kudhani wenye nguvu zaidi ni bora. Rejeta kuukuu haitauvumilia, itapasukia kwenye maungio ya plastiki.

Nyumbani tuna kisima. Naweza kujaza maji yake kwenye rejeta? Na hiyo kulanti, dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta, ni lita ngapi? (Msomaji, Tanga)

Maji ya kisima cha pwani, hapana. Chumvi yake inakula alumini ya silinda hedi na pangaboi la pampu ya maji, na chokaa yake inajenga ukoko ndani ya vijia vya rejeta kama ule wa ndani ya birika. Tumia maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya kuongeza kwenye betri. Muulize muuzaji mara mbili: kuna maduka ambako ukisema "maji ya betri" unapewa asidi. Maji ya mvua yaliyokingwa baada ya bati kuoshwa na mvua ya kwanza pia yanafaa.

Injini ndogo ya lita 1.5 mfumo wake huchukua lita 5 hadi 6. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu unatosha kabisa, ingawa huku kwetu hakuna barafu. Tunachotaka ni kinga ya kutu na kiwango cha juu cha kuchemka. Lakini fuata hesabu hii. Ukifungua koki ya rejeta tu, yatatoka lita 3 au 4, na mengine yanabaki kwenye bloku, yaani mwili wa injini. Ukijaza kulanti iliyokwisha changanywa, itazidi kuwa nyepesi. Kwa hiyo pima yaliyotoka. Kama mfumo ni wa lita 6, tia kwanza lita 3 za kulanti kavu (isiyochanganywa na maji), kisha jazia maji. Soma chupa, kwa sababu nyingi madukani zimeshachanganywa na maji. Kulanti nyekundu ya kizamani ya Toyota badilisha kila baada ya miaka 2 au kilomita 40,000, na usiichanganye na ya kijani: dawa zake huweza kugombana na kuacha tope.

Unashuku umeuziwa maji ya rangi? Tia kidogo kwenye kikombe cha plastiki, kiweke usiku kucha kwenye friza ya nyumbani. Mchanganyiko halisi wa nusu kwa nusu haugandi kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Maji ya rangi asubuhi yatakuwa barafu. Kikombe hicho kitupe na usikiache wazi: kulanti ni tamu na ni sumu kwa watoto na mbwa.

Gari linapungua maji kila siku mbili lakini chini hakuna tone. Asubuhi nikiwasha, baada ya dakika moja hozi ya juu inakuwa ngumu kama fimbo. Oili ni safi. (Mama mmoja, Moshi)

Mama, hozi ngumu ndani ya dakika moja si mvuke, maana maji bado ni ya baridi. Ni gesi ya mlipuko wa silinda inayopenya kwenye njia za maji. Gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku, inavuja, au hedi imepinda au kupasuka. Oili safi isikufariji. Maji kuingia kwenye oili na kuifanya kama uji ni njia moja tu. Gasketi inaweza kukatika kati ya silinda na njia ya maji bila kugusa oili.

Hakikisha kabla ya kufungua chochote. Injini ikiwa ya baridi, toa mfuniko wa rejeta, jaza mpaka shingoni, mwambie mtu awashe. Mapovu madogo yasiyokoma, yanayozidi mtu akikanyaga mafuta, ni jibu tosha. Gereji yenye vifaa itakuwa na kipimo cha maji ya bluu: kinakaa kwenye shingo ya rejeta, hewa inavutwa kupita ndani yake, na kwenye injini ya petroli bluu ikigeuka njano basi gesi ya ekzosti imo. Toa pia plagi zote. Ile ya silinda yenye ugonjwa mara nyingi huwa safi na nyeupe kuliko wenzake, imeoshwa na mvuke.

Ukikubali kazi, simama kwenye jambo moja: hedi ipimwe kabla ya gasketi mpya kufungwa. Fundi aweke rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wa hedi, kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari pande zote mbili, na ajaribu kupitisha fila geji (kibati chembamba cha kupimia nafasi) ya milimita 0.05 chini yake. Hicho ndicho kikomo cha Toyota kwa injini za aina ya 4A na 5A kwenye uso unaokutana na bloku. Ikipita, hedi iende kusagwa kwenye mashine. Kuisugua kwa msasa juu ya kioo, kama inavyofanywa vichochoroni, kunang'arisha tu. Bloku nayo ipimwe, mashimo ya bolti yakaushwe, maana maji au oili iliyobaki chini hufanya bolti ionekane imekaza kabla haijakaza. Bolti zikazwe kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu. Gasketi inayoungua tena baada ya miezi miwili kwa kawaida ilifungwa juu ya hedi iliyopinda, au chanzo cha kuchemsha hakikuguswa.

Hiace yangu ya dizeli yenye injini aina ya 3L inachemsha ikipanda na abiria. Feni ni ile inayozungushwa na belti, na inazunguka vizuri. (Msomaji, Voi)

Kuzunguka hakutoshi. Katikati ya feni hiyo kuna klachi yenye mafuta mazito ya silikoni, inayoshika zaidi hewa inayotoka kwenye rejeta ikiwa ya moto. Injini ikishapata moto wa kutosha, zima, hakikisha ufunguo umetoka, kisha sukuma pangaboi kwa mkono uliovaa glavu. Likizunguka lenyewe raundi kadhaa kwa wepesi, klachi imekufa. Michirizi ya mafuta iliyonasa vumbi kuzunguka kitovu chake ni ushahidi mwingine. Usikubali ichomelewe au ipigwe bolti iwe ngumu moja kwa moja: itakula nguvu na dizeli, na pangaboi la zamani likizungushwa kwa kasi hiyo linaweza kukatika na kutoboa rejeta.

Ukiwa hapo, ingiza tochi kati ya rejeta na kondensa ya kiyoyozi. Mbegu za majani, wadudu na udongo hujazana mahali ambapo jicho halifiki. Osha kwa maji ya shinikizo dogo, kutokea upande wa injini kuelekea nje.

Mshale ukiingia nyekundu safarini nifanye nini? Na ni kweli binzari huziba rejeta inayovuja? (Msomaji, Tabora)

Zima kiyoyozi, fungua hita kwa moto wote na feni yake ya ndani hadi mwisho, shusha vioo. Hita ni rejeta ndogo, itakusaidia ukitafuta pa kuegesha. Kama hakuna mvuke na feni inafanya kazi, acha injini iungurume dakika mbili tatu uone mshale ukishuka. Kama kuna mvuke, zima mara moja.

Angalia na kinyume chake: mshale uliokuwa juu ukianguka ghafla kwenye baridi huku boneti inafuka, hujapona. Maji yamekwisha, na sensa imebaki hewani bila cha kupima. Ukiendelea hapo unaua injini.

Subiri angalau dakika 40. Weka kitambaa kinene juu ya mfuniko, uzungushe hadi hatua ya kwanza tu, acha mgandamizo utoke, ndipo ufungue. Maji ya baridi yasiingizwe kwenye injini inayoungua, wala yasimwagwe juu yake. Hedi ya alumini hupasuka. Ikishapoa, washa, na uongeze kidogokidogo injini ikiunguruma.

Binzari huziba, ndiyo, tena hata pasipovuja. Unga wake huvimba na kujikusanya kwenye vijia vyembamba zaidi, na vijia hivyo ni vya hita na vya katikati ya rejeta. Kwa tundu la sindano inaweza kukufikisha mjini. Ukishafika, mwaga maji yote na usuuze mfumo mara 3 au zaidi mpaka yatoke meupe. Kisha fungua hozi zote mbili za hita na upitishe maji kinyumenyume, maana unga mwingi hubaki humo.